Nyoka mchanga wa mahindi anatapika chakula na kumrukia mtoto mkono. Tufanyeje?

Baba wa Reading

Assalam aleikum, na habari za jioni kwa wote. Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Reading, Uingereza, na mke wangu na watoto wawili: wa kiume ana miaka 13, wa kike ana mitatu. Familia ya rafiki yake kijana ilikuwa inahama, wakamwachia nyoka wa mahindi mdogo, yule wa rangi ya chungwa mwenye mabaka mekundu. Urefu ni kama rula ya shule, unene wa penseli. Amekuja na tangi kubwa la kioo, mkeka wa joto uliobandikwa chini, bakuli la maji, kipande kimoja cha gome na maranda. Mkeka unachomekwa ukutani moja kwa moja, hauna kitu chochote cha kupunguza joto.

Kijana anampenda kwelikweli. Kila akirudi shule anamshika. Wiki iliyopita tulimlisha panya mchanga wa friza, akammeza vizuri. Kesho yake jioni kijana akamtoa kumshika, na usiku tukakuta panya ametapikwa, analala pembeni ya bakuli. Tangu hapo ukifungua kifuniko tu anakunja shingo, anatikisa mkia mpaka maranda yanasikika, na jana amemrukia kijana mkono. Damu haikutoka, ni alama ndogondogo tu.

Mke wangu anataka nyoka aondoke kabla mama yangu hajafika kutoka Pongwe mwezi wa 12. Mimi sitaki kumvunja mtoto moyo, na sitaki pia kiumbe kiteseke ndani ya nyumba yangu. Je, huyu ni mgonjwa? Ni mkali wa asili? Tumlishe tena lini? Na hilo tangi linafaa au tumnunulie jingine?

Shangazi wa Coventry

Kaka, juu ya nyoka sina la kukushauri, lakini juu ya huyo binti wa miaka mitatu ninalo, maana nafanya kazi nasari na hili tunafundishwa. Reptilia wanaweza kubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, hata wakiwa wazima kabisa, na watoto chini ya miaka mitano ndio wanaoumwa vibaya zaidi. Asimguse nyoka, asiguse tangi, asicheze na mikono ya kaka yake kabla haijaoshwa kwa sabuni. Bakuli la nyoka lisioshwe kwenye sinki la jikoni. Tafuteni beseni lake peke yake, maji machafu yamwagwe chooni.

Mfugaji wa Leicester

Wa aleikum salaam, kaka. Pole, na alichosema shangazi kishike chote. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nafuga nyoka wa mahindi hapa Leicester, na wengi nimewapokea wakiwa na unene huo huo wa penseli. Katika maelezo yako sioni ukali. Naona mtoto wa nyoka mwenye hofu, amewekwa mahali peupe, juu ya joto lisilopimwa, kisha akatolewa chakula kikiwa bado kibichi tumboni. Yote hayo yanarekebishika bila gharama ya kutisha.

Anza na mkeka, na anza leo. Uchomoe. Mkeka usio na thamostati, yaani kifaa cha kudhibiti joto, unaweza kupandisha joto la kioo kupita nyuzi 40, na nyoka hasogei upesi kama unavyotarajia; hulala pale pale akaungua tumbo. Nimepokea nyoka wa namna hiyo. Magamba ya chini yanageuka kahawia, yanainuka pembeni, na kupona kunangoja ajivue gamba mara kadhaa. Mgeuze wako taratibu umwangalie tumbo. Likiwa jeupe na laini, mshukuru Mungu. Ukiona wekundu au malengelenge, mpeleke kwa daktari wa wanyama anayetibu reptilia, si kila kliniki ya mbwa na paka itakusaidia. Nyumba yenye nyuzi 20 haitamdhuru kwa siku mbili tatu maadamu tumbo ni tupu, kwa hiyo usiogope kuzima.

Halafu nunua thamostati. Ina kiwaya kirefu chenye ncha ya kuhisi joto. Ncha hiyo ikae kati ya mkeka na sakafu ya tangi. Ununue na kipimajoto cha dijitali cha peke yake, kisicho sehemu ya thamostati, na ncha yake iwe ndani, ikigusa sakafu juu ya mkeka, chini ya maranda. Rekebisha thamostati polepole, ukingoja kila mara, mpaka ndani pasome nyuzi 29 au 30. Namba iliyoandikwa kwenye thamostati isikushughulishe. Namba ya kuamini ni ile ya mahali tumbo lake linapolala. Vile vipimajoto vya mviringo vya kubandika ukutani mwa tangi vinapima hewa ya pembeni, wewe unataka sakafu. Mkeka uchukue theluthi moja ya eneo tu, upande wa pili ubaki nyuzi 22 hadi 24, ili achague mwenyewe. Maranda juu ya mkeka yawe membamba, kwa sababu atachimba mpaka agote chini. Na bili isikutie wasiwasi: mkeka wa saizi yake ni wati saba hivi.

Nimelirefusha hili la joto kwa sababu ndilo linalosaga chakula. Nyoka hana joto lake la ndani kama sisi. Akiwa baridi, panya anakaa tumboni akioza. Akiwa na joto kali asilolikimbia, anatapika vilevile. Ongeza mkono wa kijana juu ya hayo, na huwezi kumlaumu nyoka.

Tangi halina shida kwa ukubwa wake. Watu hukuambia nyoka mdogo akiwekwa mahali pakubwa hali chakula, lakini kinachomnyima raha ni uwazi. Kwao ni kusini mashariki mwa Marekani, Florida na majimbo ya jirani, ambako huishi chini ya magome, ndani ya mashina yaliyooza, kwenye mashimo ya panya na kwenye maghala. Mchanga kama huyo huliwa na ndege, wanyama na nyoka wengine, na kila saa anayokaa wazi anajiona chakula. Mpe maficho mawili, moja upande wa joto, moja upande wa baridi. Akiwa na ficho moja tu upande mmoja, atachagua usalama aache joto analolihitaji, au kinyume chake. Maficho yawe madogo, ajikunje mwili ukigusa kuta. Boksi la chai lililotobolewa mlango linatosha, na likichafuka unatupa. Nafasi iliyobaki jaza vile vibomba vya karatasi ngumu vya katikati ya tishu ya chooni, trei za mayai, majani ya plastiki, mpaka ukitazama kwa juu uone shida kumpata. Watu wa nyumbani watasema mbona haonekani. Nyoka asiyeonekana mchana ndiye aliyetulia.

Uliza maranda ni ya mti gani. Ya aspeni ni mazuri. Ya mwerezi au msonobari yatoe yote leo, yana mafuta yenye harufu yanayodhuru mapafu yake. Kwa sasa ningekuwa mimi, ningeweka karatasi nyeupe za jikoni tu, kwa sababu zitakuonyesha kinyesi, matapishi, hata utitiri, zile chembe nyeusi zinazotembea karibu na macho na chini ya kidevu.

Na kifuniko. Kichwa kikipita, mwili wote unapita. Kagua matundu ya nyaya. Kiwe na vibano pande zote, na usizibe chochote kwa utepe wa gundi ndani ya tangi, maana akinasa hapo ngozi itabanduka.

Kuhusu kula: msimguse, na msimlishe, kwa siku 10 kamili tangu siku aliyotapika. Maji safi kila siku. Kutapika kunaunguza koo na kumwaga vimiminika vya tumbo, na mtu akimlisha mapema kwa huruma anatapika tena, hapo ndipo wadogo wanapopotea. Siku hizo zikiisha na joto likisoma sawasawa, mpe panya mchanga mdogo kuliko wa kwanza, asizidi unene wa nyoka mwenyewe. Akikaa naye vizuri, ngoja wiki, mpe mwingine wa saizi hiyo hiyo. Baadaye unaweza kufika hadi mara moja na nusu ya unene wa tumbo lake, kila siku tano hadi saba. Akitapika mara ya pili, usijaribu ya tatu, nenda kwa daktari.

Baba wa Reading

Mungu akubariki, dada. Mkeka nimeuchomoa nikiwa bado nasoma. Tumbo ni jeupe, halina alama. Maranda tumeyatoa yote na kijana ametengeneza maficho mawili ya boksi la majani ya chai.

Nina mambo mawili. Mke wangu hataki panya kwenye friza yetu ya nyama, na mimi siwezi kumlazimisha. Pia jirani ana nyoka mwingine mdogo wa aina hiyo hiyo, anasema tuwaweke pamoja huyu asione upweke. Na kijana anauliza, kwa unyenyekevu, atamshika lini.

Mfugaji wa Leicester

Mkeo ana haki. Masuala ya dini na najisi muulize shehe wako, mimi nakujibu kama mfugaji: hata nyumba zisizojali hilo hazipaswi kuchanganya. Kuna friza ndogo za kukaa juu ya meza, zinapatikana za mkono wa pili. Ikishindikana, nunua panya wachache kwa kila safari ya dukani, na uliza wafugaji wa karibu kama mmoja atakutunzia. Koleo, bakuli la kuyeyushia na kitambaa vyote viwe vya nyoka peke yake, viwekwe mbali na jikoni.

Namna ya kuyeyusha, kwa sababu hapa wageni wengi wanakwama. Panya akae ndani ya mfuko uliofungwa, ayeyuke kabisa kwa ubaridi, kisha mfuko uzamishwe kwenye maji ya moto ya bomba kwa dakika chache. Maikrowevu hapana, inapika ndani na kuacha baridi katikati. Mminye tumboni kwa kidole: asiwe na kipande kigumu. Mkaushe kwa karatasi, mshike kwa koleo kiunoni, umsogeze taratibu kwenye mlango wa ficho, chini, kichwa kikitangulia. Usimpige nyoka naye usoni. Mchanga mwenye hofu hali akitazamwa, kwa hiyo asipochukua, mwache panya kwenye mfuniko mdogo mlangoni pa ficho, zima taa, muondoke chumbani. Asubuhi usipomkuta, amekula. Ukimkuta, mtupe. Panya hai usimwekee hata siku moja, panya aliyekomaa humng'ata nyoka mpaka akamtoboa.

Wa jirani abaki kwa jirani. Nyoka hawa hawaoni upweke. Wakiwekwa pamoja wanagombania ficho zuri na joto zuri, mmoja anadhoofika kimyakimya, na ikitokea kutapika au kinyesi kibaya hutajua ni cha nani. Wachanga wengine wamewahi kumezana.

Sasa kijana. Mwambie hivi kutoka kwangu: akishakula mara tatu bila kutapika, ndipo. Na kila baada ya mlo, saa 48 bila mkono.

Siku ya kwanza ikifika, aoshe mikono, isinuke panya, akae chini sakafuni ili nyoka akianguka asiumie. Mkono usitoke juu. Kwa nyoka mdogo, kitu kinachoshuka kutoka juu ni ndege, na hapo ndipo mkia unapotikisika na shingo kukunjwa. Mkono uingie kwa ubavu, uende chini ya katikati ya mwili, umwinue kwa uthabiti bila kubana. Ukisitasita hewani juu yake, anapata muda wa kuogopa. Akishakuwa mkononi, asishikwe kichwa wala mkia. Aachwe atembee, mkono mmoja ukitangulia mwingine, kana kwamba anapanda tawi lisilokwisha. Dakika tano zinatosha. Arudishwe akiwa ametulia, si akiwa anahangaika. Mara mbili tatu kwa wiki inatosha, na aache kabisa macho yakiwa na ukungu wa samawati, maana anakaribia kujivua gamba na haoni vizuri.

Akimrukia tena, asiuvute mkono kwa kishindo. Meno yake ni madogo yaliyopinda nyuma, ukivuta unayavunja. Hana sumu. Aoshe kwa sabuni, aendelee na kazi zake. Huyu ataishi miaka 15, pengine 20, kwa hiyo majuma machache ya kumngoja si kitu.

Jambo lingine, kaka. Kwa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2006 hapo ulipo, mnyama wa mtoto aliye chini ya miaka 16 ni jukumu la mzazi. Nyoka ni wa kijana kwa mapenzi, lakini kwa sheria ni wako wewe na mama yake, na ndiyo maana nakuandikia wewe kwa urefu huu.

Mwenye Chatu, Columbus

Natoka Bukavu, nipo Ohio. Nina chatu mdogo, wale wanaojikunja duara wakiogopa, watu wengi hapa wanao. Niongeze tu kwamba usije ukachanganya maelekezo. Chatu wangu anataka upande wa joto nyuzi 31 au 32 na unyevu zaidi, asilimia 60 na kitu, na kukataa kula kwake majuma kadhaa wakati wa baridi ni kawaida. Wa mahindi akikataa muda huo huo akiwa mchanga, hilo ni jambo la kushughulikia. Halafu anayetaka chatu, aulize amezaliwa wapi. Wengi husafirishwa kutoka Togo, Benin na Ghana, hufika wamechoka na wana wadudu. Mnunue aliyezaliwa kwa mfugaji, na umwombe akuonyeshe akila.

Kijana wa Syokimau

Nimefuatilia kila neno. Mimi niko Syokimau, na mvua hizi nimekuta nyoka mdogo mweusi kwenye shimo la taka, mtulivu sana, hata hajajaribu kuuma. Nimemfunika na ndoo. Naweza kumfuga kwa utaratibu huu huu?

Mfugaji wa Leicester

Mdogo wangu, acha ndoo hapo hapo na usimguse. Nakuomba sana.

Kwetu kuna nyoka mdogo mweusi anayeishi chini ya udongo, hutoka juu wakati wa mvua, anaonekana mpole na kichwa chake hakitofautiani na shingo. Meno yake ya sumu ni marefu na huyatoa kwa pembeni bila hata kufungua mdomo, kwa hiyo hata ukimshika nyuma ya kichwa, kama watu wanavyofanya kwenye video, anakuchoma kidole. Hakuna namna salama ya kumshika kwa mkono. Siwezi kukuambia kutoka huku kwamba wako ni huyo. Wapo weusi wadogo wasio na sumu wanaofanana naye mno, na ndiyo sababu hasa ya kumwacha.

Pili, Kenya ina Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013. Kufuga mnyama wa porini bila kibali ni kosa, hata awe mdogo namna gani. Piga simu KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, waje wamchukue, na uweke kitu kizito juu ya ndoo, watoto na mbwa wakae mbali. Ikiwa unawapenda kweli, nenda Snake Park pale makumbusho Nairobi ukawaone na uongee na wahudumu. Tanzania nako ni hivyo hivyo, ukihitaji kufuga lazima uwe na kibali. Mimi nafuga huku nyoka waliozaliwa kwenye maboksi vizazi na vizazi, si waliookotwa.

Kijana wa Syokimau

Nimeelewa, dada. Nimeweka tofali juu. Napiga simu sasa.

Baba wa Reading

Narudi na habari. Thamostati imefungwa, kipimajoto cha ndani kinasoma 29.5 na upande wa baridi 23. Tulingoja siku zote ulizosema, kisha kijana akaweka panya mdogo mlangoni pa ficho usiku, akazima taa. Asubuhi hayupo. Zimepita siku nne, hajatapika, na leo nimeona kinyesi kwenye karatasi. Rafiki mmoja hapa ametupa friza ndogo, imekaa gereji.

Ila tangu jana rangi imepauka, na macho yana ukungu kama ulivyosema. Na hapo tumwache tu? Halafu mama anafika wiki mbili zijazo, na anaogopa nyoka kuliko kitu chochote.

Mfugaji wa Leicester

Alhamdulillahi. Kinyesi ndicho nilichokuwa nakingoja.

Ndiyo, mwacheni, na mlo unaofuata usubiri mpaka amalize. Ukungu utaondoka machoni, utadhani ameahirisha, halafu baada ya siku chache atajivua. Mwekee ficho la tatu katikati: kikopo cha plastiki chenye mfuniko, tundu pembeni lililolainishwa kingo, ndani karatasi iliyoloweshwa na kukamuliwa. Chumba chenye hita wakati wa baridi hewa yake ni kavu, na gamba hukatika vipande. Likitoka, kijana alifungue taratibu juu ya meza aangalie mahali pawili: kichwani, ambapo lazima yaonekane macho mawili kama vioo vidogo, na ncha ya mkia. Gamba la jicho likibaki, asilichokonoe kwa kucha wala kibano. Mweke nyoka kwenye boksi lenye kitambaa chenye unyevu wa uvuguvugu nusu saa, mkiwa karibu. Likikataa, ngoja gamba lijalo au umwone daktari. Likibaki kwenye mkia usiliache hivyo hivyo, pete ya gamba kavu hukaza mpaka ncha inakufa.

Kuhusu mama, mwambie kabla hajapanda ndege. Asigundue mwenyewe akiwa amefika. Tangi likae chumba cha kijana, liwe na kufuli, funguo uwe nao wewe, na mlango wa chumba ufungwe usiku. Chini ya mlango weka ile brashi ya kuzuia baridi, itazuia na mengine. Bi mkubwa asilazimishwe kuingia humo, wala kijana asimtoe nje ya chumba muda wote mama yupo. Na mpeni shikamoo yangu akifika.